Kichupa Kilichoonekana Kitupu

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia maabara ya shangazi yake kuosha vyombo vya kioo. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na miaka kumi na mbili, na kwa kuosha, jamani, hakuna aliyemfikia. Chupa ikitoka mikononi mwake unaweza kujitazamia ukichana nywele.

Pembeni palikuwa na friza refu kama kabati la nguo, lililonguruma mchana kutwa. Likifunguliwa, ukungu mweupe ulishuka na kutambaa sakafuni hadi miguuni.

"Shangazi, humo mna nini?"

"Protini ya binadamu."

"Binadamu gani?"

"Hayupo."

Fundi wa maabara akacheka. Walimwita Mpishi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukuza bakteria kwenye mchuzi wa vuguvugu. "Niliwapa bakteria maagizo ya mwili wa mtu, wakaitengeneza wao," akanong'ona. "Ni ya binadamu, lakini haikutoka kwa mtu yeyote. Mwenyewe hana jina, hana kaburi."

"Mwache mtoto wewe!" shangazi akamkemea. "Sikiliza, mwanangu. Mapafuni mna vimeng'enya, kama mikasi midogo inayokata protini. Ikizidi, hukata hata pafu lenyewe. Protini hii huibana isikate. Si dawa, ni ya utafiti tu. Tutaijaribu kwenye vipande vya pafu la mbuzi."

Jumatatu Chiriku alikuta kichupa juu ya barafu mezani. Shangazi alikuwa ametoka kupokea simu. Akakiinua kwenye mwanga: hamna tone, hamna chembe. Akakifungua, akakisuuza bombani mara mbili. Bomba la sinki likafanya *glu*, kama koo linalomeza.

Ndipo akasoma kibandiko: PROTINI YA BINADAMU.

Akakifuta, akakirudisha kwenye barafu, akafunga mdomo. Shangazi alirudi, akatia maji ya chumvi kichupani, akayagawa kwenye vibakuli vyenye vipande vya pafu na vimeng'enya. Kibakuli kimoja hakukitia vimeng'enya, kiwe cha kulinganishia.

Kesho yake mchana vipande havikuwapo. Vibakuli vilifunikwa, mlango ulifungwa kwa ufunguo, lakini ndani mlibaki maji ya ukungu tu, kana kwamba mdomo usioonekana umepita ukila. Ni kile kibakuli kimoja tu kilichobaki na kipande chake cha waridi.

"Protini yako haifanyi kazi," shangazi akamwambia Mpishi taratibu. "Lazima niandike ripoti leo. Na mkuu wa maabara alishasema, ikishindwa safari hii, wewe kazi basi."

"Kazi ya miezi mitatu," Mpishi akasema. Akavua koti jeupe, akaanza kutoa vitu vyake kwenye droo: chanuo, kijiko, soksi moja. Akajaribu kutania. "Mpishi kaunguza chungu."

"Chiriku, mbona kimya? Unaumwa?" shangazi akauliza.

Chiriku alikuwa ameinamia sinki. Kila alipomwaga maji, lile koo lilimeza tena, na alihisi yule binadamu asiye na jina anamtazama kutoka gizani mle tunduni. Mpishi akabeba mfuko wake.

"Usiende!" Chiriku akalia. "Mimi ndiye niliyekiosha kichupa! Kilikuwa kitupu!"

Mpishi akaketi sakafuni, akacheka mpaka machozi. "Kumbe sikuunguza! Nimeoshewa sufuria na mboga ndani!"

Shangazi hakucheka. "Hakikuwa kitupu. Protini hukaushwa, ikabaki utando ambao jicho halioni."

Mpishi alikuwa na kichupa cha pili. Wakarudia jaribio. Kesho yake vipande vilikuwa vizima, vya waridi, vimetulia katikati ya mikasi yote ile kana kwamba vinangoja kuvuta pumzi. Ripoti ikaandikwa upya, na koti jeupe likavaliwa.

Shangazi akamwita Chiriku. "Kukiosha hukujua, na mimi nilikosea kukiacha mezani. Lakini ulimwona mwenzio anafungasha, ukanyamaza. Hilo ulilijua. Ukiharibu kitu, sema kabla mtu mwingine hajabeba kosa lako."

"Hata nikiogopa, shangazi?"

"Hasa ukiogopa."