Sahani Tisa za Chiriku

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, fundi wa maabara ya biolojia alifungua kabati la joto, akaziona sahani zote tisa mahali pake, na papo hapo akajua kuwa zimeibiwa.

Jana jioni sahani zile za plastiki, kila moja ya ukubwa wa kiganja, zilikuwa zimejaa madoa meupe ya bakteria. Asubuhi hii zilikuwa safi kama kioo. Namba ziliandikwa vilevile, moja hadi tisa, kwa kalamu nyeusi. Fundi, ambaye chuo kizima kilimwita Mama Darubini, hakupiga kelele. Aliishika sahani ya kwanza. Baridi. Ndani ya kabati mlikuwa na joto la nyuzi thelathini na saba, na sahani ilikuwa baridi kama imetoka friji sasa hivi.

"Hazijamaliza hata nusu saa humu," alijisemea. Akaandika muda kwenye kiganja chake.

Mwenye sahani aliingia dakika tatu baadaye. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, msemaji asiyechoka, ndiyo maana wenzake walimpa jina la Chiriku. Kazi yake ya muhula ilikuwa kupima sabuni ya mikono ambayo wanafunzi wa biashara walitaka kuiingiza sokoni. Alipoziona sahani, maneno yalimkauka kinywani.

Profesa naye hakuchelewa kufika. Alilifungua daftari la Chiriku, akaziangalia sahani, akalifunga.

"Daftari linasema madoa mia nne na kumi na mbili. Sahani zinasema sifuri. Nimwamini nani?"

"Prof, haki ya Mungu niliyahesabu mwenyewe, moja moja, hadi macho yakauma!"

"Saa tatu ulikuwa uitetee kazi hii. Sheria unaijua, binti. Anayebuni matokeo anarudi kwao na begi lake."

"Zimebadilishwa leo asubuhi," alisema Mama Darubini. "Nipe mpaka hiyo saa tatu."

Profesa aliangalia saa yake. "Saa tatu kamili. Si saa tatu na nusu."

Mbio zikaanza. Mlinzi alikuwa mlangoni mwa jengo na kitabu chake cha wageni.

"Mzee, leo wameingia kina nani kabla yangu?"

"Wawili tu, mama. Yule kijana wa biashara mwenye tai, saa kumi na mbili na nusu, kaenda chumba cha kompyuta. Halafu mkufunzi wenu, saa moja kasoro dakika kumi."

"Na ufunguo wa maabara?"

"Upo ubaoni, kama siku zote."

"Na wewe ulikuwa hapa muda wote?"

Mlinzi alijikuna shingo. "Nilikwenda kuchota maji. Dakika kumi tu! Jamani, kwani mlinzi hana koo?"

Kijana mwenye tai, ambaye wenzake walimwita Bosi, alikuwa akichapa kurasa za mpango wake wa biashara. Saa sita mchana angesimama mbele ya wawekezaji waliokuja kusikiliza miradi ya wanafunzi wa ujasiriamali.

"Sahani?" alishangaa. "Kwani huko maabara mnapika?"

"Usinichekeshe, mwanangu. Chiriku amegundua sabuni yako haiui kitu."

Uso wa Bosi ulibadilika rangi. "Haiwezekani. Mkufunzi wenu mwenyewe alitupimia. Barua hii hapa, soma: inaua bakteria wote. Na sahihi yake hiyo."

Mama Darubini aliisoma barua mara mbili. Kisha akaenda kwenye pipa la taka la korido, akalimwaga lote sakafuni. Karatasi, maganda ya karanga, kalamu mbovu. Hakuna sahani. Alirudi maabara, akasimama mbele ya mtambo wa mvuke ambao kila siku saa nne yeye huutumia kuchemsha taka zenye vijidudu, hadi plastiki inayeyuka na kuwa bonge. Mfuko mwekundu wa taka hizo ulikuwa kando yake, umefungwa fundo. Jana aliuacha wazi, haujafika hata nusu.

Hakuugusa. Alitoka, akaenda kumwita Profesa.

Saa tatu kasoro dakika tano wote walikuwa maabara: Profesa, Chiriku, Bosi, mlinzi na mkufunzi. Mkufunzi, kijana nadhifu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, alisema alikuja mapema kuchapa maswali ya jaribio la seli.

"Prof, mbona jambo liko wazi?" aliongeza. "Sabuni ni ya nani? Nani angeaibika leo saa sita?"

"Mimi?" Bosi aliruka. "Mlango wa humu ndiyo kwanza nauona leo!"

"Tulieni," alisema Mama Darubini. "Nina swali moja kwa kila mtu. Bosi, una sahani tisa za bakteria hai mkononi, na unataka zipotee haraka. Unazitupa wapi?"

"Popote. Pale kwenye pipa la korido."

"Mzee?"

"Dirishani," alisema mlinzi bila kufikiri, na Chiriku akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Mwalimu?"

"Bakteria hai? Mfuko mwekundu, bila sha..." Mkufunzi alijikata kauli.

Wote wakaugeukia mfuko.

"Miaka sita nimekufundisha hivyo," alisema Mama Darubini polepole. "Hata unapoiba, mkono wako haukubali kuweka vijidudu kwenye pipa la kawaida. Na ulijua ikifika saa nne nitavichemsha mwenyewe, na ushahidi utakuwa umekwisha."

Alifungua fundo. Chini ya glavu zilizotumika, sahani tisa zilikuwa zimepangwa vizuri, moja juu ya nyingine. Profesa alivaa glavu, akaiinua ya kwanza mwangani, akahesabu kwa sauti mpaka arobaini na sita. Chiriku alifungua daftari. Arobaini na sita.

"Ile barua ya sabuni," Profesa alimgeukia mkufunzi. "Ulipima?"

Mkufunzi aliketi kwenye stuli. "Sikupima. Waliahidi kuniweka kwenye kampuni yao. Nilidhani sabuni ni sabuni, nani atakuja kuhesabu? Halafu jana nikaliona daftari lake." Alimkwepa Chiriku macho. "Angefukuzwa yeye, au mimi."

"Ukamchagua yeye," alisema Mama Darubini.

Mlinzi alimshika mkufunzi kiwiko, wakatoka pamoja. Bosi alikuwa tayari ameanza kuchana kurasa za mpango wake.

"Saa sita nitawaambia nini wale watu?" alinung'unika.

"Waambie ukweli," alisema Chiriku. "Namba ninazo."

Profesa alivua glavu, akavuta kiti, akaketi na kufungua kalamu yake.

"Saa tatu kamili, binti. Swali la kwanza: kwa nini ulitumia sahani tisa, si tatu?"

Chiriku alivuta pumzi, akashika chaki, na akaanza kusema.