Simu Haikuwajua Viboko wa Basotu

Asubuhi Marieta alifagia uwanja, akapika uji, akafungua madirisha ya vyumba vyote vinne. Alifanya hivyo kila siku, mgeni awepo asiwepo. Siku hizi hawakuwepo. Nyumba yake ya wageni iko Basotu, inatazama ziwa. Shuka ni safi. Samaki wake wa kukaanga, ukiwaonja utajilamba vidole! Lakini nani awaonje?

Mumewe, Sylvester, alikuwa amekata shauri.

"Mama Glory, mimi mahindi nayaingiza vyumbani. Nyumba tuifunge."

Tayari chumba cha nne kilijaa magunia. Marieta aliumia sana moyoni. Nyumba ile aliihangaikia tangu msingi.

Kwani wageni hawakumtafuta? Walimtafuta! Simu yake ilijaa ujumbe wa Kiingereza. Lakini Marieta alilelewa hivi: mgeni hajibiwi kwa mkato. Usipomsalimia vizuri, umemtukana. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, akaona aibu, akanyamaza. Wageni nao wakaenda kwingine.

Siku hiyo alipita Benedikta, afisa maendeleo ya jamii wa kata.

"Shikamoo, Mama Glory."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani? Watoto? Ng'ombe?"

"Wazima wote. Mbona umenuna?"

Marieta akampa simu. Benedikta akasoma.

"Huyu ni Wolfgang, Mjerumani. Ataleta wenzake kutazama ndege wa ziwani. Wanataka vyumba vitatu, wiki nzima! Hujamjibu?"

"Nimjibu nini mimi? Nitajiaibisha."

"Tumia akili mnemba."

"Ni mdudu gani huyo?"

Benedikta akacheka. "Ni programu ya kwenye simu. Imejifunza kutokana na maandishi mengi mno. Unaiambia unachotaka kwa Kiswahili, nayo inakuandikia, hata kwa Kiingereza. Haya, sema."

Wakaiweka kwenye simu. Marieta akaisogeza mdomoni.

"Mjibu huyu mgeni. Nyumba yangu iko kando ya ziwa. Vyumba vipo. Karibu."

Kufumba na kufumbua, jibu likatokea kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Marieta akapiga makofi.

"Yesu wangu! Inaandika kuliko karani! Tuma, tuma!"

"Ngoja, mama. Soma kwanza."

Akasoma polepole, kidole kikifuata maneno. Katikati akashtuka. Palikuwa pameandikwa: "Wageni wetu huogelea ziwani kila asubuhi."

"Waogelee? Na viboko wale? Inataka kuniulia wageni!"

"Umeona?" alisema Benedikta. "Basotu haijawahi kufika. Ikikosa habari, wakati mwingine hubuni, tena bila haya. Wewe ndiye unayelijua ziwa, kwa hiyo irekebishe. Na usiiambie mambo ya siri, kama namba yako ya siri au pasipoti za wageni."

Marieta akaketi vizuri. Sasa alisema kama mwenye nyumba.

"Futa kuogelea. Sema ziwa lina viboko, tutawatazama kwa mbali. Nitawatafutia mtu wa kuwaongoza. Samaki wapo, maziwa mgando yapo. Halafu wewe, mbona umeanza na vyumba? Anza na salamu! Uliza hali ya nyumbani kwake. Mtakie safari njema."

Jibu jipya lilikuja likiwa na mambo yote hayo. Walilisoma tena mpaka mwisho, ndipo wakatuma. Wolfgang alijibu siku ileile: wanakuja.

Sylvester alicheka tu. "Simu ndiyo ikuletee wageni?"

Wakaja kweli. Jioni walikuwa wanakula samaki uwanjani, kiboko akatoka majini. Akala nyasi pale ufukweni, taratibu, mkubwa ajabu. Wageni waliacha kula, wakamkodolea macho. Kisha Wolfgang akachukua simu yake, akaisemesha, ikamtafsiria kwa Kiswahili:

"Mama, tuliandikia nyumba nyingi. Wewe peke yako uliuliza hali ya nyumbani kwangu. Wewe peke yako ulitutajia viboko. Tukasema, huyu ni mtu wa kuaminika. Rafiki zangu wawili wanataka kuja keshokutwa. Kuna chumba cha nne?"

Marieta alimgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Sylvester alimtazama kiboko, akamtazama mkewe. Akavua koti, akaingia chumba cha nne, akatoka na gunia begani.

"Baba Glory, unalipeleka wapi?"

"Jikoni, mama. Hiki ni chumba cha wageni."