Tuko Kona

"Weka hizo ndimu chini, Gildardo!"

"Wamefika kona, dada Amparo. Ameniandikia sasa hivi."

Mdogo wangu akanisogezea simu usoni. Kweli, Nereida alikuwa ameandika maneno mawili: *Tuko kona.*

"Mwanamke wa hapa Mazatlán huandika hivyo akiwa bado anatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda," nikamwambia. "Mimi mwenyewe nimeshaandika hivyo nikiwa bafuni."

"Nereida si wewe."

Akakamua.

Asiyejua kazi yetu ataniona mkorofi, basi nieleze. Aguachile haipikwi kwa moto. Unachukua kamba wabichi wa baharini, unawamwagia ndimu na pilipili iliyosagwa, unasubiri dakika tano, unapeleka mezani. Ukichelewa, ndimu haina huruma, inaendelea kuwaivisha wale kamba. Baada ya nusu saa unatafuna kandambili. Ndiyo maana mama yetu, Doña Obdulia, mwenye mgahawa, haruhusu mtu aguse ndimu kabla hajamwona mteja ameketi kwa macho yake mwenyewe.

Na mteja wa siku hiyo hakuwa wa kuchezea. Don Evodio, baba yake Nereida, alikuwa mpishi kwenye meli za kuvua kamba miaka ishirini na sita. Sharti lake la posa lilikuwa moja tu: "Anayemtaka binti yangu anitengenezee aguachile kwa mkono wake, nionje. Halafu tuzungumze."

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Bendi ya matarumbeta imepamba moto, watoto wanakimbizana kati ya viti, na bibi wa meza ya sita kavishwa kofia kubwa anaimbiwa siku yake ya kuzaliwa. Ilikuwa ya tatu mwaka huo, maana mwenye siku yake hupewa keki ya nazi bure. Mlangoni foleni imefika barabarani, ambako jiko letu la wazi linaonekana lote. Na katikati ya ukumbi, meza ya watu wanane imekaa tupu.

Nusu saa ikapita. Bakuli la kwanza likawa mpira.

Simu ikalia. *Tuko kona.*

Gildardo akachukua kamba wengine.

"Tena?" nikauliza.

"Si unaona? Wako kona."

"Kona gani, ya kule Guadalajara?"

Wahudumu wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Bwana harusi, sisi tukiwaamini wateja hivyo, mgahawa utafungwa Jumanne."

Akakamua. Bakuli la pili nalo likaharibika, na hakuna aliyekuja.

Ndipo akapiga simu. Mikono yake ilikuwa imelowa ndimu, kwa hiyo akaiweka simu kwenye meza ya jikoni na kuifungulia sauti. Sote tukasikia.

"Mpenzi, mko wapi?"



"Tuko kona," Nereida akajibu. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Kuna tatizo?"

"Gildardo, niamini tu."

Simu ikakatika.

Hapo moyo wangu ulishtuka, kwa sababu habari ya Nereida naijua. Miaka minne iliyopita alikuwa na mchumba mwingine. Ukoo mzima ulivaa vizuri ukaenda kuketi kwenye mgahawa mmoja kusubiri posa. Yule bwana akawa anaandika *niko njiani, niko njiani,* tangu saa saba mpaka saa kumi na moja jioni. Hakutokea hadi leo. Nikajisemea, huyu msichana anamlipizia ndugu yangu deni la mtu mwingine.

Mama akaja akijifuta mikono kwenye aproni.

"Mwanangu, saa tisa hiyo. Watu wamesimama juani na watoto. Natoa hiyo meza."

"Mama, nakuomba."

"Nimekupa saa nzima."

"Huyo msichana haji," nikadakia. Nilisema mbele ya wahudumu wote, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Gildardo hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Dada, Nereida alishawahi kukaa mezani akimsubiri mtu, na kila mtu akamwona," akasema. "Leo nitakaa mimi. Akisema yuko kona, yuko kona."

Akachukua kamba wa mwisho waliobaki kwenye barafu, akakamua ndimu, akabeba bakuli na simu yake mpaka kwenye ile meza. Akaketi peke yake kati ya viti saba vitupu, na shati lake jeupe alilolipiga pasi mara mbili. Foleni yote ilikuwa inamtazama.

Robo saa ikakatika.

Upande wa pili wa barabara, pale kona penye duka la chapati za tortilla, palikuwa na pikapu nyeupe yenye vioo vyeusi. Niliiona tangu saa nane nikadhani ya mteja. Milango yake ikafunguka. Akashuka Don Evodio na kofia yake, akashuka mkewe, wakashuka shangazi wawili. Wa mwisho alishuka Nereida, macho mekundu kwa kulia.

Gildardo akasimama mpaka kiti kikaanguka.

"Karibu, Don Evodio."

 Mzee aliketi, akachukua kamba mmoja, akatafuna. Akatafuna. Mama yangu akajishika shavu.

"Hii ina dakika ngapi?"

"Kumi na tano, Don Evodio. Nimekamua mapema. Kosa langu."

"Kwa nini ulikamua mapema?"

Simu ilikuwa pale pale mezani. Angeifungua tu, jumbe zote mzee angezisoma.

"Haraka zangu," Gildardo akasema. "Naomba radhi."

"Baba, inatosha!" Nereida akalia. "Mwambie, au nitamwambia mimi!"

Don Evodio akavua kofia, akaiweka kwenye goti.

"Kijana, tumekaa kwenye ile pikapu ya shemeji yangu saa nzima. Nilimwambia huyu akuandikie maneno mawili tu, akifichua siri tunarudi nyumbani; alipokuomba umwamini, nikamnyang'anya simu. Mimi nilishakaa mezani na binti yangu nikasubiri mwanamume mpaka wahudumu wakaanza kufagia. Nikaapa, safari hii nitatazama kwanza nani anachoka." Akanigeukia mimi. "Hili bakuli la ngapi?"

"La tatu, Don Evodio. Yale mengine yameshakuwa mpira."

"Yalete."

"Hayaliki, mzee wangu."

"Yalete tu."

Nikayaleta. Akayapanga mbele yake yote matatu, akayatazama moja moja.

"Mara tatu kaambiwa, mara tatu kaamini," akasema polepole. "Na ninyi nyote mkimcheka. Niliwaona."

Akaanza na la kwanza, lile baya kuliko yote. Taya zilimfanya kazi mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Sijawahi kula kamba wabaya namna hii," akatangaza, "hata mwaka ule tulipoishiwa barafu baharini. Doña Obdulia, niongezee chapati kavu za tostada."

Mkewe akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Bendi, ambayo haikuwa na habari yoyote, ikaanza wimbo wa furaha, na bibi wa meza ya sita akasimama kucheza na kofia yake. Nereida akazunguka meza, akamshika Gildardo mikono yote miwili yenye harufu ya ndimu.

"Nisamehe."

"Kwa lipi? Ulisema uko kona."

"Nilikuwa kona."

"Najua."

Nilikwenda stoo nikalia vizuri, halafu nikarudi nikabeba sahani.

Walifunga ndoa mwezi Machi, hapo hapo mgahawani. Hakimu alifika mapema, bendi ikafika, Don Evodio akaketi mbele kabisa na leso shingoni. Bwana harusi hakuruhusiwa kugusa jikoni, kwa hiyo kamba nilikabidhiwa mimi. Saa saba na nusu simu yangu ikalia. Alikuwa wifi yangu: *Dada Amparo, tuko kona.*

Nilitoka mpaka mlangoni. Pale kona palikuwa na mbwa amelala, basi. Bibi harusi, nilijua, alikuwa bado kwa msusi, ndio kwanza anavishwa shela.

Nikarudi jikoni. Wahudumu wote walikuwa wananitazama.

Nikakamua.