Meno ya Jebet

Ndugu zangu, nawasimulia kisa cha Jebet, afisa wa lishe pale Lodwar, kwa maana huenda mwenzake yumo nyumbani mwenu nanyi hamjui.

Jumapili moja baada ya ibada, Jebet alikuwa ameketi kwenye veranda ya jirani yake Nyakio, mwenye duka. Chai ilikuwa mezani na upepo ulikuwa umepoa kidogo. Wasike, fundi wa pampu za visima, alikuwa akieleza jinsi ngamia alivyomfukuza hadi juu ya tangi kule Namoruputh. Jebet alisahau kujichunga, akaangua kicheko.

Wasike alimtazama kwa furaha. "Hebu cheka tena," akasema.

Jebet alifunga mdomo kama aliyepigwa kofi. Akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Wasike hakujua alichokigusa. Kijijini kwao Jebet, huko Baringo, maji ya kisima yalitia meno ya watoto rangi ya kahawia. Nyumbani hakuna aliyeona ajabu. Lakini alipofika shule ya bweni, mbali na kwao, wasichana walimpa jina la Kutu. Wakati wa chakula walimzunguka. "Hebu cheka, Kutu. Cheka tena tuone." Asipocheka walimtekenya mpaka acheke, kisha wakaziba pua. Mwalimu wa zamu aliwasikia, akasema ni utani wa watoto, akaendelea na chai yake. Hali ikawa hiyo miaka minne. Nanyi mnaosema utani haudhuru, mmewahi kumuuliza aliyetaniwa?

Tangu hapo Jebet alizungumza leso ikiwa mdomoni, na chakula alikula mlango ukiwa umefungwa.

Jumatatu, siku moja baada ya kicheko kile, Wasike alikuja nyumbani kwa Jebet. "Jebet, nimekukosea wapi?"

"Hujanikosea. Tafuta mwingine wa kuchezea."

"Mimi sichezi. Nakupenda."

"Watu kama wewe hawapendi watu kama mimi," akasema, akafunga mlango.

Wasike alirudi mara mbili zaidi, akabisha, hakufunguliwa. Mwishowe alikubali kazi ya visima Kakuma, akahama.

Krismasi ile Nyakio alimwalika Jebet, naye akasingizia homa. Alipika wali, akaula kitandani huku akisikia majirani wakiimba. Alishika simu, akalitazama jina la Wasike, akaiweka chini. Hakuna aliyemcheka siku ile, wala hakuna aliyecheka naye.

Mwezi wa pili alitumwa Kakuma kupima watoto waliodhoofika. Mkalimani wake alikuwa Anyieth, mama kutoka Sudan Kusini. Wiki ya tatu walikuja akina mama watatu tu.

"Wengine wako wapi?" Jebet akauliza.

Anyieth alisita. "Dada, nikuambie ukweli? Hawa mama wanaogopa wewe. Kila saa unaziba mdomo na leso. Wanasema daktari anasikia harufu mbaya ya watoto wetu. Yule mama Adhieu hajaleta mtoto wiki mbili, na yule mtoto ni mgonjwa sana."

Jebet aliitazama leso mkononi mwake. Aliwakumbuka wale wasichana walioziba pua, akaona kwamba machoni mwa Adhieu yeye ndiye sasa msichana wa namna ile.

Alasiri hiyo alikwenda na Anyieth nyumbani kwa Adhieu, akaondoa leso, akafungua mdomo. "Nilikuwa naficha meno haya, mama. Leso haikuwa kwa ajili ya mtoto wako."

Adhieu aliyatazama, akasema neno kwa Kidinka. "Anauliza, ni hayo tu?" Anyieth akatafsiri. Kesho yake mtoto aliletwa, akaanza kutibiwa.

Wiki hiyo hiyo Jebet alimtafuta Wasike, akamkuta akifunga bomba chini ya tangi.

"Ejok," akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok," Wasike akajibu bila kuinua macho. "Nilidhani umenidharau kwa kuwa mimi ni fundi."

"Hapana." Akamweleza yote, hata lile jina ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu.

Wasike aliweka spana chini. "Meno niliyaona siku ya kwanza. Kazi yangu ni maji, najua kinachofanya hivyo. Lakini uliniacha mlangoni mara tatu, Jebet. Hilo liliniuma. Nipe muda."

Jebet alirudi Lodwar bila ahadi. Kila Jumapili alimtumia salamu fupi, bila kumsihi. Wiki tatu hazikuleta jibu, na upweke wake ukawa mzito kuliko awali, maana sasa alijua alichokuwa anakikosa. Wiki ya nne simu ililia.

"Nikija Jumamosi, utafungua?" Wasike akauliza.

"Nitakungoja stendi," Jebet akasema. Na alimngoja.

Funzo la Kisa Hiki

Wazazi na walimu, msiite dhihaka utani, kwa kuwa mtoto huibeba hadi utu uzima. Nawe uliyedhihakiwa, kosa halikuwa lako. Lakini usimhukumu anayekupenda kwa makosa ya waliokucheka. Mwambie kinachokuuma mapema, kwa sababu mwenzako haoni woga wako. Anachokiona ni mlango uliofungwa tu, naye pia huumia.