Akaunti ya Marehemu Miwani

Asubuhi ile Mama Pacha alihesabu watu waliokuwa ndani ya mfumo wa hospitali, kama alivyofanya kila siku kabla hata ya kuweka mkoba chini, akapata kumi na wanne. Akakunja uso. Wauguzi wa zamu walikuwa tisa, maabara wawili, famasia mmoja, na yeye mwenyewe programa wao. Hao ni kumi na watatu. Akashuka na kidole kwenye skrini, jina baada ya jina, mpaka mstari wa mwisho, na hapo kidole kikaganda. Miwani alikuwa kazini. Aliingia saa moja kasorobo, ndivyo orodha ilivyosema, kupitia kompyuta ya pembeni mwa dirisha.

Sasa, Miwani alikuwa amezikwa miezi minne iliyopita. Na kompyuta ya pembeni mwa dirisha ndiyo ile ile aliyokuwa akiitumia Mama Pacha.

Katika ofisi nyingi zenye mfumo mkubwa kuna akaunti moja ambayo hakuna anayethubutu kuifunga. Pale hospitalini ilikuwa ya Miwani. Yeye ndiye aliyeujenga mfumo ule, na kwa uvivu wa mafundi, kazi zote zinazojiendesha aliziweka chini ya jina lake mwenyewe: majibu ya maabara kwenda wodini, orodha za dawa kwenda famasia, na mengine ambayo alikuwa akiyajua yeye na Mungu wake. Alipofukuzwa, Bosi alitoa amri moja tu, akaunti ile isiguswe, wasije wakazima hospitali nzima. Mtu akaondoka, jina likabaki linachapa kazi bila likizo.

Kwa hiyo Mama Pacha alijiambia kuwa ni moja ya zile kazi zinazojiendesha. Alijua vizuri kwamba kazi hizo huendeshwa na seva, kule kwenye chumba chenye kiyoyozi, si na kompyuta ya mezani. Alijua, akajifanya hajui. Kujifanya hajui alikuwa ameshakuzoea.

Saa saba mchana wenzake wakaenda kula, naye akabaki na mkate wake mezani. Kwanza ilikuja harufu. Pipi za mnanaa, zile ambazo Miwani alikuwa akizimung'unya kutwa nzima mpaka wakamtania kwamba atazikwa nazo. Ilikuwa harufu nzuri tu, lakini chini yake kulikuwa na nyingine, ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi zikasahauliwa kabatini. Mama Pacha akaacha kutafuna. Halafu akasikia kibodi. Tak. Tak. Tak-tak. Miwani, pamoja na ufundi wake wote, alikuwa akichapa kwa vidole viwili, kwa nguvu, kama anayegonga mlango wa mtu kiziwi. Mama Pacha aliangalia kushoto, hakuna mtu, akaangalia kulia, hakuna mtu, na alipoinamisha macho aliona vitufe vya kibodi yake mwenyewe vikididimia kimoja kimoja, na juu ya skrini maneno yakijipanga polepole: Nilikuwa nimeenda kula.

Mkate ukamwanguka. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

Simu ya mezani ikalia pale pale, akaidaka kama mtu aliyetupiwa kamba. Alikuwa Sista Mkuu, msimamizi wa wodi, mwanamke asiyepandisha sauti hata jengo likiwaka moto. Safari hii alikuwa akinong'ona.

"Mama Pacha, maonyo mekundu yamepotea."

"Yamepotea vipi, Sista?"

"Wagonjwa wenye mzio. Kadi zao zilikuwa na mstari mwekundu juu, kwamba huyu asipewe dawa fulani. Sasa hivi nazifungua, ni nyeupe. Nina mtoto hapa nilikuwa nimeshavuta dawa kwenye bomba la sindano. Nimesita kumchoma kwa sababu tu namjua mama yake."

"Msimpe mtu dawa yoyote. Narudisha sasa hivi."

Akarudisha kutoka kwenye nakala ya akiba. Maonyo mia nne na kumi na mawili. Alijua idadi kabla hajaiona.

Idadi hiyo aliijua kwa sababu ndiye aliyeyafuta mara ya kwanza.

Ilikuwa miezi kumi na moja nyuma. Kompyuta yake ilikuwa nzito siku hiyo, Miwani akatoka kwenda kula na kuacha yake wazi, naye akakaa kwenye kiti cha mwenzake ili afute data za majaribio zilizotumika kuwafundisha wauguzi wapya. Mfumo wa majaribio na mfumo halisi ilikuwa na sura moja, rangi moja, dirisha moja juu ya jingine. Akaandika amri, akabonyeza, ikakubali. Sekunde tatu baadaye aliona alikuwa kwenye dirisha la mfumo halisi. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumpigia Sista Mkuu simu, na mambo yangeishia kwenye karipio na kikombe cha chai. Badala yake akafunga dirisha, akainuka, akarudi mezani kwake na kujishughulisha na mambo mengine. Jioni ile mgonjwa mmoja akachomwa dawa isiyomfaa, akavimba koo, akalazwa siku tisa akipumua kwa mashine. Alipona. Lakini kumbukumbu za mfumo zilisema jina moja tu, la mwenye akaunti. Kwenye kikao walimuuliza Mama Pacha kama aliona chochote, na yeye, akiangalia vidole vyake, akajibu: "Nilikuwa nimeenda kula."

Miwani hakusema kitu. Alikusanya kikombe chake na picha ya mkewe, akatoka. Miezi saba baadaye moyo wake ukasimama.

Basi kesho yake, saa saba na dakika kumi, maonyo yakapotea tena. Keshokutwa yake tena. Mama Pacha alifanya yote anayoyajua fundi. Alibadilisha nywila ya akaunti ile, ikaingia hivyo hivyo. Akachomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta ya dirishani, ikaingia hivyo hivyo. Akaifunga akaunti yenyewe kinyume na amri ya Bosi, majibu ya maabara yakakwama hospitali nzima kwa saa mbili, na saa saba na dakika kumi Miwani akaingia hivyo hivyo. Siku moja, na hili ndilo lililomtia haya hata mbele ya kioo cha bafuni kwake, aliingia kwenye kumbukumbu za zamani kuufuta ule mstari wa miezi kumi na moja nyuma, usibaki ushahidi. Alipoubonyeza, harufu ya nguo mbichi ilimjaa kooni mpaka akatapika kwenye kapu la takataka. Wenzake wakamuuliza kwa upole kama ni mimba.

Wiki mbili zikapita hivyo. Wauguzi wakaanza kuandika maonyo kwa kalamu kwenye plasta na kuwabandika wagonjwa mkononi. Ndipo Sista Mkuu alipofunga mlango wa ofisi ya Bosi na kusema kwa sauti ya chini, "Mimi namjua mtu." Bosi, aliyesoma mpaka akachakaa, alikataa siku mbili, ya tatu akakubali kwa sharti kwamba kwenye kitabu cha wageni aandikwe mshauri wa mifumo.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mfuko wa plastiki na simu isiyotulia. Hakuvaa chochote cha ajabu. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, akanusa mara moja, akauliza kama daktari mwenye foleni nje:

"Lilianza lini?"

"Jumatatu, wiki mbili zilizopita," Bosi akajibu.

"Mmejaribu kuzima na kuwasha?"

"Mara tatu."

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hata mganga hakuwa anatania. "Na kabla ya hiyo Jumatatu, mlibadilisha nini?"

"Hakuna," Mama Pacha akawahi.

Mganga akamtazama. "Ninyi mafundi na watu wa ndoa mna jibu moja. Hakuna. Nafika nyumbani kwa mtu, paa limekwenda, mke amekwenda, hakuna kilichobadilika. Fikirini vizuri, jamani."

Bosi akakuna kichwa. "Labda ile Ijumaa. Tulimpandisha cheo huyu dada, akahamia meza hii ya marehemu. Tukakata keki, nikasema maneno mawili matatu."

"Maneno gani?"

"Kwamba tunamshukuru kwa kuokoa data baada ya, ee, baada ya uzembe wa marehemu."

"Naye akasema nini?"

Mama Pacha alisikia sauti yake ikitoka nyembamba, kama ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Nilisema asante."

Mganga akawatoa wengine nje. Walipobaki wawili, hakumkaripia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mwanangu, huyu si marehemu. Marehemu amelala. Huyu ni jini mpita njia tu, na wa namna hii hawaingii kwa uchawi. Wanatafuta uongo ambao mwenyewe ameukana, wanahamia humo kama panya kwenye nyumba isiyo na mtu. Ulipousema mara ya kwanza, alikuja akachungulia. Ulipopokea keki juu yake, akaingia na virago."

"Utamtoa?"

"Nimtoe niende naye wapi? Nyumba ni yako. Sema ni yako, atatoka. Usinong'oneze ukutani. Mwambie uliyemwibia."

"Amekufa, mama."

"Ana mke."

"Watanifukuza kazi. Nina watoto wawili, mama, nalea peke yangu."

"Na wodini wako wangapi?" Mganga akauliza, akachukua mfuko wake.

Mjane alikuja kesho yake saa saba kamili, amevaa nguo za kawaida, na mkoba ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa shuleni kwa makosa ya mwanawe. Wakamkalisha kwenye kiti cha mumewe. Bosi alisimama mlangoni, Sista Mkuu kando yake na simu ya wodi mkononi, mganga dirishani. Mama Pacha alisimama katikati ya chumba, hajui aiweke wapi mikono.

Saa saba na dakika tisa harufu ikaja. Safari hii wote waliisikia, mnanaa kwanza kisha ule uozo wa chini, Bosi akaziba pua, na feni ya darini ikapunguza mwendo ikasimama bila mtu kuizima, na kibodi mbele ya mjane ikaanza, tak, tak, tak-tak, vitufe vikididimia mbele ya macho ya mwanamke aliyekijua kile kishindo cha vidole viwili kuliko mtu yeyote duniani, akakurupuka na kurudisha kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta, na kutoka kwenye simu Sista Mkuu alisikia wauguzi wakipiga kelele kwamba kadi zinageuka nyeupe, wodi hii, wodi ile, na ya watoto, na kwenye skrini maneno yale yale yakawa yanajiandika bila kukoma, Nilikuwa nimeenda kula, Nilikuwa nimeenda kula, mstari juu ya mstari, na Mama Pacha alifungua mdomo akajaribu kusema tulikosea, na neno lile la wengi likamkaba kooni kama mfupa, likakataa kutoka, mpaka akalia kwa sauti:

"Mimi! Wifi, ni mimi. Sikuwa nimeenda kula. Nilikaa kwenye kiti cha kaka, nikafuta kwa mkono wangu, nikaondoka. Wakaniuliza nikasema uongo. Yeye hakufanya kitu. Hakufanya kitu kabisa."

Kibodi ikanyamaza katikati ya neno. Kilipita kitu mlangoni, kizito, Bosi akasogea pembeni kumpisha mtu ambaye hakumwona. Halafu feni ikaanza kuzunguka, na chumba kikanuka chumba tu, vumbi na karatasi. Kwenye orodha wakabaki kumi na watatu.

"Maonyo yamerudi," alisema Sista Mkuu akiwa na simu sikioni. "Yote." Mganga akaitikia kwa kichwa, akapokea simu yake iliyokuwa ikiita, akatoka. Bosi alimtazama Mama Pacha, naye akatoka. Barua ingemfikia kabla ya jioni, hilo lilikuwa wazi, na ajabu ni kwamba halikumtisha tena. Kilichomtisha ni mwanamke aliyekuwa bado amekaa pale akipangusa kibodi kwa upindo wa nguo yake.

"Wifi," Mama Pacha akasema, "nisamehe. Ningejua kwamba moyo wake..."

"Alijua," mjane akasema.

"Alijua nini?"

"Kwamba ni wewe. Siku ile alirudi kuchukua simu yake, akakuona kupitia kioo cha mlango. Aliniambia usiku ule ule. Nikamwambia nenda ukaseme. Akasema hapana, yule dada ana pacha wachanga, amebabaika tu, mpe siku moja, atakuja mwenyewe kusema." Hakuwa analia. Alikuwa anaeleza, taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokikariri. "Basi kila asubuhi alikuwa ananyoa ndevu, anavaa shati la kazini, anakaa sebuleni na simu mapajani, wasije wakamwita akawa hayuko tayari. Miezi saba, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mimi ndiye niliyekuwa nayapiga pasi yale mashati."

Mama Pacha akapiga magoti. Lakini mjane alikuwa ameshasimama na mkoba wake, akimuuliza Sista Mkuu kwa adabu njia ya kutokea ni ipi.