Hukuniuliza, Azzam

Duka la vikombe vya ushindi la Darsait, mjini Maskati, lilifurika watu siku ile, maana skuli zilikuwa zinakaribia kufunga. Azzam alikuwa amekwisha kuchukua vyake. Kanzu yake nyeupe imepigwa pasi ikanyooka, kofia imedariziwa nyuzi za buluu, na kifuani amekumbatia vikombe vitatu vinavyong'aa. Alipogeuka kutoka, akamgonga msichana aliyesimama nyuma yake. Kikombe kimoja kikaanguka, mkono wa kukishikia ukakatika.

"Subhana Llah! Samahani, dada."

"Mie sina neno. Mtazame mgonjwa wako." Msichana aliinama akauokota ule mkono huku akicheka. Alivaa abaya ya rangi ya majivu na mtandio wa zambarau, na udi wake uliishinda harufu ya gundi iliyojaa mle dukani. "Unavipeleka wapi vyote hivi?"

"Msikitini kwetu, Al Khoudh. Nnaendesha darsa ya vijana ya kiangazi. Hizi zawadi za waliohifadhi Kurani vizuri."

"Vijana wangapi?"

"Kama arubaini hivi."

"Na vikombe vitatu." Akamkazia macho. "Hao wengine wanarudi kwao na nini?"

Azzam alivitazama vikombe vyake. Alikuwa mhandisi, mtoto wa Mzee Sleiman, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, na alizoea kushukuriwa kwa kazi ile, si kuhojiwa. Hata hivyo, kabla hawajaachana, alimwomba namba ya simu. Kwa ajili ya darsa, alisema.

Jina lake Lujain. Alikuwa mshauri wa wanafunzi katika skuli ya wasichana, na nyumbani kwao Kiswahili cha Unguja kiliendelea kusemwa hata baada ya bibi yake kurudi Oman. Azzam alimpigia jioni ile ile, akamwomba aje asimamie upande wa wasichana.

"N'takuja," alisema Lujain, "lakini mie n'tawauliza wenyewe wanataka kufanya nini."

"Na wakitaka kwenda ufukweni kila siku?"

"Basi tutachoma mishkaki mpaka tuchoke, habibi."

"Umeniita nani?"

"Nimeteleza."

"Wallahi, teleza tena."

Wakacheka wote wawili, na tangu hapo simu hazikukatika.

Darsa ilikuwa na taratibu zake za miaka. Mzee mmoja huzungumza alasiri nzima, vijana wakae kimya, wavulana huku na wasichana kule. Anayekosa kuhudhuria mara kadhaa huondolewa. Siku ya kwanza Lujain alikaa chini na wasichana zuliani, akawauliza ni jambo gani linalowakera. Walitazamana. Mwishowe Ruba, binti wa miaka kumi na sita, akasema kwa sauti ndogo, "Marwan kafiwa na baba yake. Hakuja, akatolewa. Hakuna hata mtu aliyekwenda kumtazama."

Lujain akampigia Azzam pale pale.

"Vijana wanataka kwenda kwa Marwan kesho, badala ya darsa."

Azzam alimfikiria mzee aliyepangiwa kuzungumza kesho. "Nendeni," alisema hatimaye. "Na mimi nakuja."

Walikwenda wote. Marwan aliufungua mlango, akawaona wenzake wamejaa barazani, akaufunika uso kwa mikono. Hakuna aliyehutubia. Wavulana walikaa naye sebuleni, wasichana wakaingia jikoni kumsaidia mama yake kupika. Kuanzia siku ile vijana wakawa wanapanga wenyewe: nani anaumwa, nani ana mdogo wake wa kufundishwa, nani haonekani. Na Azzam, akimtazama Lujain amekaa katikati ya wale mabinti, alijua kwamba huyu ndiye mkewe.

"Roho yangu," alimwambia kwenye simu, "kiangazi kikisha n'namleta mama kwenu."

"Mlete," alisema Lujain kwa furaha.

Lakini wazee walichukia. Mzungumzaji wao alikuta ukumbi mtupu, na maneno yakaanza kupita kuhusu yule msichana na mtoto wa mwenyekiti. Kamati ikakutana. Baada ya kikao, dada yake Azzam, Khawla, alimpigia Lujain huku analia.

"Wamekutoa, dada. Usije tena."

"Na Azzam kasemaje?"

Khawla alizidi kulia. "Amekubali."

Lujain alizima simu. Azzam alipiga, akaandika, akapeleka salamu kupitia Khawla, asijibiwe. Siku nyingi zilipita ndipo Lujain alipokubali kuonana naye, kwenye mkahawa mmoja wa Qurum uliokuwa umejaa familia. Alikuja na abaya nyeusi isiyo na pambo, macho yamemvimba.

"Hukuelewa ilivyokuwa," Azzam alianza haraka. "Walitaka kurudisha kila kitu kama zamani. Baba akasema vijana waachiwe mpango wao, mradi wewe utoke. Nikaona, wewe utoke, kazi yako ibaki. Halafu n'kuoe, khalas, yamekwisha, hakuna atakayesema neno. Marwan karudi, Lujain! Sasa yeye ndiye anayewaongoza."

"Alhamdulillahi." Alisema kwa dhati, na machozi yakamshuka. "Nilidhani umewaogopa wazee. Kumbe umenitoa kama mtu anavyotoa kitu chake."

"Nimefanya kwa ajili yetu."

"Hukuniuliza, Azzam. Ungeniuliza, pengine ningekwambia ndiyo, nitoeni. Ningetoka kwa miguu yangu. Lakini mlikaa, mkanipangia, nikaletewa khabari. Ndivyo walivyofanyiwa wale watoto miaka yote."

"N'samehe."

"Nimeshakusamehe. Na n'nakupenda, usidhani nimeacha. Lakini n'naogopa nyumba ambayo n'takuwa naletewa khabari." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Nimepata kazi Salalah, kusini kabisa. Naondoka wiki hii."

Azzam aliinamisha kichwa. "Nikusubiri?"

"Hapana," alisema Lujain taratibu. "Usinisubiri."

Akasimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Kupitia kioo Azzam alimwona amekaa ndani ya gari, paji la uso juu ya usukani, mabega yakitikisika, kabla ya kuwasha na kuondoka.

Alasiri ya siku ya pili Azzam aliingia ukumbini kwa darsa. Vijana walikuwa wamekwisha kukaa. Ruba akanyanyua mkono.

"Kaka Azzam, tunakuuliza tena: dada Lujain anarudi lini?"

Angeweza kusema anaumwa, au amesafiri kidogo. "Harudi," alijibu. "Wazee walitaka aondoke, na mimi nikakubali bila ya kumuuliza. Wala nyinyi sikukuulizeni."

Marwan alitazama chini. Ruba alikusanya vitu vyake polepole, akaenda mlangoni, akavaa viatu, akatoka. Mwengine akamfuata, kisha mwengine. Azzam alibaki amesimama, na hakumzuia hata mmoja.