Mwenyekiti Aliyeruhusiwa Maneno Mawili

Kila Jumamosi alfajiri watu wawili walitoka nyumbani kwa mzee Castory, pale Katubuka, na kila mmoja alishika njia yake. Castory alikwenda kwenye sala ya jumuiya. Mkewe, Veneranda, alikwenda Kibirizi kununua dagaa mitumbwi inapoingia.

"Leo tena hutakuja kusali, Mama Bariki?" Castory aliuliza huku akifunga mkanda.

"Leo tena dagaa hawatanisubiri, Baba Bariki," Veneranda alijibu. Beseni lilikuwa tayari kichwani.

Castory aliguna. Yeye ni mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna, halafu mke wa mwenyekiti haonekani! Jambo hilo lilimchoma. Lakini kila kilichomchoma alikuwa na dawa yake, nayo ni hotuba. Akikuta msiba, atahutubia. Akikuta harusi, atahutubia. Hata mbuzi wa jirani akiingia shambani kwake, alisomewa makosa yake kwanza, ndipo akafukuzwa.

Jumamosi hiyo kulikuwa na kazi kubwa. Padri alikuwa ametangaza kwamba Kanisa zima duniani linataka kuwasikiliza watu wake. Kila jumuiya ikae na kuzungumza. Je, tunatembea pamoja? Nani amebaki nyuma, na kwa nini?

Waliohudhuria walikuwa wachache, wengi wao bibi wenye usingizi. Castory aliuliza swali la kwanza. Bibi mmoja akafungua kinywa.

"Najua unachotaka kusema, bibi," Castory akamwambia, akakisema yeye. Kisha akajibu pia maswali yaliyobaki. Sala ikafungwa kabla chai haijachemka, naye akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Mchana alikwenda parokiani kwa Sista Eufrasia, aliyekuwa anasimamia kazi hiyo. Alimkuta anapeta mchele.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Nimeleta jibu letu. Jumuiya yetu ni moja. Waliobaki nyuma ni wavivu."

"Milele amina. Nani kasema hivyo?"

"Jumuiya."

"Nani hasa?"

Castory alikohoa. "Mimi. Kwa niaba yao."

"Na Leonia amesemaje?"

Hapo Castory akakunja uso. Leonia alikuwa jirani yake, naye muuza dagaa. Aliomba mjukuu wake abatizwe, lakini Castory alikataa kumthibitishia padri kwamba ni mwanajumuiya. Sababu yake ilikuwa moja tu, kwamba Leonia haji jumuiyani. Mtoto sasa alikuwa anatambaa, na bado hajabatizwa.

"Leonia hakuwepo, Sista. Ndiye mvivu mwenyewe!"

Sista Eufrasia aliweka ungo chini. "Mzee Castory, tumeuliza nani amebaki nyuma. Wewe umewauliza waliokuja. Tena hata hao hukuwasikiliza. Umejisikiliza mwenyewe."

"Sista, mimi nimeokoa muda."

"Hatukuombwa kuokoa muda. Sauti za watu zinaanzia jumuiyani. Zinakwenda parokiani, kisha jimboni, mpaka Kanisa zima. Tunaamini Roho Mtakatifu anaweza kusema kupitia kwa yeyote, hata mama anayeanika dagaa. Ukimziba mtu mdomo, utajuaje umemziba nani?"

Castory akauliza badala ya kujibu. Hilo lilikuwa jambo geni kwake.

"Basi nifanye nini?"

"Nenda walipo. Usijibu, usijitetee, usihutubie. Nakuruhusu maneno mawili tu. Useme, 'Na kingine?'"

"Hata utangulizi hauruhusiwi?"

"Hata utangulizi."

Jumatatu asubuhi Castory alifika mwaloni Kibirizi, mahali mitumbwi inaposhusha samaki. Alivaa viatu vyeusi vilivyong'aa. Hatua chache tu, vikawa vya rangi ya mchanga. Shadia wa Ujiji, Mwislamu aliyeshirikiana na Veneranda kuanika dagaa, alimpa fimbo ndefu.

"Hapa hakuna kusimama bure, shemeji. Fukuza kunguru."

Leonia alikuwa anatandaza dagaa kwenye kichanja. Alimsalimia Castory kwa lugha ya nyumbani, akimtazama kwa jicho la pembeni. "Mwakeye, mwenyekiti. Umekuja kuniambia tena kwamba sifai?"

Hotuba ikapanda mpaka kooni. Castory akaimeza kwa taabu, kama ugali mkavu.

"Na kingine?" alisema.

Leonia alishangaa. Veneranda naye aligeuka kumtazama mumewe. Kisha Leonia akaanza kusema, na mikono yake haikusimama.

"Kingine? Haya. Mume wangu Adolf anavua usiku kucha. Alfajiri mitumbwi inarudi. Dagaa wasipoanikwa mapema wanaoza, na watoto wangu hawali. Saa hiyo hiyo ndiyo mmeiweka ya sala. Nani aliyetuuliza?"

Castory alitaka kusema kwamba saa hiyo iliwekwa zamani, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alipofungua mdomo tu, kunguru akachukua dagaa. Akamkimbiza. Aliporudi, alikuwa hana pumzi ya kujitetea.

"Na kingine?" alihema.

"Mjukuu wangu alipougua, nilikuja kwako kuomba jumuiya imwombee. Ulinijibu, 'Leo ndiyo umetukumbuka?' Nilirudi nyumbani nikalia. Nilimwombea peke yangu."

Castory alikumbuka. Siku ile aliona amejibu vizuri sana, hata akamsimulia mkewe. Sasa aliona aibu, aibu ya kweli, akainamisha kichwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Mimi si wa kanisa lenu," Shadia akadakia. "Naruhusiwa kusema?"

Castory aliitikia kwa kichwa.

"Leonia alipofiwa na mama yake, sisi wa Ujiji tulileta mchele. Wewe ulileta hotuba. Tulitafuta sufuria ya kuipikia, hatukuipata."

Wanawake wa mwalo mzima wakacheka. Castory mwenyewe akacheka, mabega yakitikisika.

"Na kingine?"

"Kingine unakoroma," Veneranda alisema. "Lakini hilo tusilipeleke jimboni."

Halafu akasema kwa upole, "Baba Bariki, mimi sala naipenda. Sikuacha kusali. Nasali nikiwa na beseni kichwani. Hukuwahi kuniuliza."

Jioni hiyo Castory alikwenda kwa padri kabla hata ya kuoga. Padri alifungua dirisha, maana harufu ya dagaa ilitangulia. Castory alisema, "Padri, nilimzuia mtoto wa watu bure. Kosa ni langu." Hotuba yake ikaishia hapo.

Jumuiya ilikutana tena wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Watu walijaa mpaka uani, na Adolf alikuwepo.

Sista Eufrasia aliwaongoza. Kwanza walisali na kusoma Injili. Kisha kila mtu alisema kwa zamu, bila kukatizwa. Baada ya hapo walinyamaza kidogo. Katika mzunguko wa pili, kila mtu alisema neno la mwenzake lililomgusa. Mwisho wakatafuta pamoja jambo ambalo Mungu anataka walifanye.

"Haya ndiyo mang'amuzi," Sista alisema. "Si kila tunachosikia tutakifanya. Lakini kila mtu tutamsikia."

Ilikuwa kweli. Adolf alipendekeza sala iwe fupi kama kuwasha sigara. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakakataa kwa pamoja. Bibi aliyekatizwa siku ile naye alisema. Kumbe alitaka mkutano wa alasiri, kwa sababu alfajiri magoti yanamuuma! Wakakubaliana kukutana Jumapili alasiri, dagaa wakiwa wamekwisha kuanuliwa. Wakakubaliana pia kwamba asiyeonekana atatembelewa kwanza, kabla ya kulaumiwa. Majibu hayo ndiyo Castory aliyoyapeleka parokiani.

Siku ya ubatizo ilifika. Shadia alikaa benchi la nyuma na mtandio wake mpya. Padri aliuliza, "Msimamizi wa mtoto ni nani?"

Leonia aliinuka. "Ni mwenyekiti, Padri. Akikubali."

Castory hakuwa ameambiwa. Alisogea mbele, macho yamejaa machozi. Watu wakajiweka sawa kwenye mabenchi. Veneranda alivua viatu kabisa, maana alimjua mumewe.

"Nakubali," Castory alisema. Akanyamaza.

Veneranda akanong'ona, "Unaumwa?"

Mtoto akawekwa mikononi mwake. Maji ya ubatizo yalipomgusa, alipiga kelele mpaka padri akasita. Castory alimwinamia, akamwambia taratibu, "Na kingine, mwanangu?"

Mtoto akanyamaza. Akamtazama msimamizi wake kwa makini, kisha akamkojolea shati lote.

"Tumekusikia," alisema Castory.